Ekari Ilikuwa Kazi Kabla ya Kuwa Ardhi

Muulize mkulima wa Nkowe au Mbekenyera ana shamba kubwa kiasi gani, naye atakujibu kwamba ana mikorosho mia na arobaini, mingine aliiacha marehemu baba yake, na kipande cha ufuta kule bondeni. Afisa aliyeshika fomu hataki jibu hilo. Anataka ekari. Mkulima anatazama upande wa shamba, anafikiri, anasema labda tano, na afisa anaandika tano. Takwimu imeshapatikana. Itapanda kutoka kijijini hadi kata, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na mwishoni itarudi kwenye magazeti kama ushahidi kwamba mkulima wa Kusini anavuna kilo chache mno kwa ekari.

Juu ya msingi huo imejengwa hoja ambayo siku hizi nasikia watu wazima wakiitoa bila kupingwa. Wanasema mkulima wa Nachingwea na Ruangwa hajui ekari zake, kwa hiyo hajui kilimo chake. Akiacha kuhesabu miti na kujifunza kuhesabu ekari, tija itapanda, benki itamwamini, pembejeo zitagawiwa kwa haki. Kwa mtazamo huu ekari ni kipimo cha kitaalamu kisicho na upande, kilichokuja kumtoa mwanakijiji kwenye makisio na kumwingiza kwenye hesabu.

Naipinga hoja hiyo kuanzia shina hadi matawi. Ekari haikubuniwa na wapima ardhi. Ilikuwa makisio ya mkulima mwenyewe, tena makisio ya kazi, wala si ya eneo. Waliosahau hivyo waliwahi kuja Nachingwea na mitambo, wakaacha hasara ambayo bado inasomwa vyuoni duniani kote. Kosa lilelile tunalifanya sasa kwa kalamu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno æcer. Maana yake ilikuwa shamba, ardhi inayolimwa, bila kutaja ukubwa wowote. Ndugu za neno hilo wametapakaa: Wajerumani wana Acker, Warumi walikuwa na ager, Wagiriki agros, na katika Kisanskriti kuna ajra. Wanaisimu wengi wanauunganisha ukoo huu na mzizi wa kale sana wenye maana ya kuswaga, kama mchungaji anavyoswaga ng'ombe. Kwa hiyo huenda mwanzoni lilikuwa jina la uwanda wa kuswagia mifugo, kisha watu walipotulia na kulima likahamia kwenye shamba. Mpaka hapo hakuna kipimo, kuna mahali tu na watu wanaopashughulikia.

Kipimo kilikuja kwa mlango wa kazi. Katika Uingereza ya enzi za kati, ekari ikawa kiasi cha ardhi ambacho maksai na plau yao wangekilima kwa siku moja. Kwa kawaida kundi kamili lilihesabiwa kuwa maksai wanane. Wanyama wanane waliofungwa kwenye plau nzito ni vigumu kuwageuza, kwa hiyo walipelekwa mbali kabla ya kugeuka, na urefu wa mfuo mmoja ukawa kipimo kinachoitwa furlong, neno ambalo maana yake halisi ni urefu wa mfuo. Ndiyo sababu ekari ya asili haikuwa mraba hata kidogo. Ilikuwa ukanda mrefu na mwembamba, takriban mita 201 kwa 20. Urefu uliamuliwa na pumzi za ng'ombe, na upana uliamuliwa na jua lilivyokuwa limesogea.

Sheria ilifika baadaye, mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14, ikaukuta ukanda huo umeshakuwepo na kuukazia namba: fimbo 40 kwa fimbo 4, kila fimbo futi 16 na nusu. Ukizidisha unapata futi za mraba 43,560, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Nani angekaa mezani akabuni namba kama hiyo? Haikutoka kwenye hisabati. Ilitoka kwenye jasho la siku moja, mtawala akaigonga mhuri.

Na mhuri haukushika kwa haraka. Kwa mamia ya miaka baada ya sheria hiyo, ekari ya Ireland ilizidi ya Kiingereza kwa zaidi ya nusu, na ekari ya kaunti ya Cheshire, humo humo Uingereza, ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili. Vipimo viliunganishwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1824. Wanaotuambia kwamba ekari ni kitu kimoja kisichobadilika wanasahau kwamba wenye neno lao walizozana juu yake kwa karne tano.

Wala Waingereza hawakuwa peke yao. Wajerumani, waliotutawala kabla yao, walipima mashamba yao kwa Morgen, na neno hilo ni asubuhi: ardhi inayolimwa kabla ya adhuhuri. Misri wanapima kwa fadani, neno la Kiarabu linalotokana na jozi ya ng'ombe wa kulimia. Warumi walikuwa na iugerum, kutoka kwenye nira. Ukikusanya mataifa haya utakuta kila moja liliipima ardhi kwa kuuliza swali moja: nani ataifanyia kazi, na kwa muda gani?

Waswahili nao waliuliza hilohilo, wakaita ngwe. Neno hilo lina maana ya kamba, na lina maana ya kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba ili mtu mmoja akilime. Vijana wa leo wanalijua zaidi kutokana na ligi, wanapoifuatilia Namungo yao ya Ruangwa katika ngwe ya kwanza na ngwe ya lala salama. Lakini mzee akisema amemaliza ngwe yake, anasema kazi yake ya siku imeisha. Hapo Kiswahili na Kiingereza cha kale vilikuwa vimesimama mahali pamoja kabisa, kimoja kwa jembe la mkono, kingine kwa plau. Mkulima wa Kusini anayepima kwa nguvu zake na kwa miti yake hajabaki nyuma ya ekari. Anaishi ndani ya maana yake ya kwanza.

Naja sasa kwenye karanga, yaani ile hasara ya mitambo niliyoitaja mwanzoni. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa Company, akatoa wazo la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Kwa wiki chache tu walizunguka nchi, sehemu kubwa wakiitazama kutoka kwenye ndege. Walirudi na mpango wa ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini. Hebu msomaji arudie namba hiyo. Kongwa na Urambo, maeneo mengine ya mradi huo, ndizo zinazotajwa sana, lakini kwenye karatasi zaidi ya nusu ya mradi wote ilikuwa huku kwetu. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 25 hivi.

Ni ekari za namna gani hizo? Zilikuwa ekari za ramani. Hakuna aliyezihesabu kwa kazi. Mpango ulitaka ekari 150,000 zisafishwe mwaka 1947. Hadi mwaka huo unaisha, zilizopandwa hazikuzidi 7,500 hivi. Matingatinga ya mitumba ya vita yaliharibika. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo mikubwa ya meli ilivutwa kati ya matingatinga mawili ili kuangusha miti. Miti ilianguka, lakini mizizi ilibaki ardhini na kuvunja majembe ya mashine. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua ikawa haba, na karanga zikashindwa kung'olewa. Nachingwea miti ilikuwa mirefu zaidi na msitu mzito zaidi, na ili kuifikia ilibidi kwanza ijengwe reli kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, iliyoanza kazi mwaka 1949, halafu bandari mpya kule Mtwara, iliyokamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mradi wenyewe kuzikwa.

Januari 1951 serikali ya London ilikubali kwamba imeshindwa. Hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Mpaka leo Waingereza wakitaka kusema mradi wa serikali ni upotevu wa fedha, wanataja karanga. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Treni haipo, lakini mjini Nachingwea kata ya Stesheni ipo. Hata namba za mashamba yale zilibaki: Farm 17 ikawa kambi ambamo FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, iliwafundishia wapiganaji wake chini ya Samora Machel, na kutoka Nachingwea mwaka 1975 Machel aliondoka kwenda kuchukua nchi yake. Ardhi iliyoshindwa kutoa mafuta ya kula ilitoa uhuru wa Msumbiji. Hiyo ni habari njema, ila haikuwemo katika hesabu za Wakefield.

Wanaosimulia kisa hiki wana maelezo yao ya kawaida: udongo mbaya, mvua chache, mashine kuukuu, wanasiasa wenye haraka. Yote ni kweli, na hayatoshi. Chini yake kuna jambo ambalo Waingereza wangelijua kama wangelisikiliza neno lao. Ekari yao ilizaliwa kama siku moja ya kazi katika ardhi iliyokwisha kufyekwa na mababu, yenye maksai waliozoea, na mtu aliyejua mfuo wake unaishia wapi. Walipoileta hapa walileta namba 4,047 na kuiacha siku. Katika Jimbo la Kusini mbung'o walikuwa wamefanya ng'ombe kuwa adimu, na watu walilima kwa jembe la mkono. Ekari moja ya pori la Nachingwea haikuwa siku moja ya mtu yeyote wala ya mnyama yeyote. Ilikuwa majuma ya kufyeka, kung'oa visiki, kuchoma na kusafisha. Wamwera wa vijiji vya jirani walilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndio waliofyeka mashamba yao wenyewe kila walipohamia pori jipya. Hawakuulizwa, kwa sababu jibu lao lisingekuwa la ekari.

Mtu atanijibu kwamba asili ya neno si maana yake. Maneno hubadilika, hakuna anayesema ekari leo akamfikiria maksai. Nakubali kwamba maana ya neno ni ile ambayo watu wanaitumia, na kwamba kuchimba asili hakumzuii mtu kusema anavyotaka. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko wapinzani wangu. Hebu tuangalie basi watu wanavyoitumia.

Nenda kijiji chochote cha Naipanga au Mnero msimu wa palizi, usikilize watu wakipatana bei. Wanasema heka, jina lao la ekari. Kulima heka ni kiasi fulani cha fedha, palizi ya heka ni kiasi kingine. Anayekodiwa anapima kwa hatua, 70 kwa 70, anasimama pembeni, anatazama nyasi. Kama ni majani laini anakubali bei. Kama ni magugu mazito au kuna visiki, anasema hii heka si heka, ongeza. Mwenye shamba anajua anachoambiwa, na wanapatana. Bila mtu kuwafundisha historia, wakulima hawa wamelirudisha neno la Kiingereza cha kale kwenye kiti chake: ekari ni kiasi cha kazi. Waliobaki na maana finyu ni watu wa ofisini.

Na hata ile hesabu ya hatua 70 ina akili ndani yake ambayo imeharibiwa na wasomi. Hatua ya mtu mzima anayetembea shambani haifiki mita moja. Chukua hatua ya sentimita 90, piga 70, unapata mita 63, na mita 63 kwa 63 ni mita za mraba 3,969, karibu sana na ekari halali. Lakini vipeperushi na mabango vimegeuza hatua kuwa mita, na sasa watu wanafundishwa kwamba ekari ni mita 70 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, ekari iliyonona kwa asilimia 21. Ongeza mkanganyiko wa heka na hekta, ambapo hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, na watu wawili wanaweza kutaja heka tano katika mkutano mmoja, mmoja akimaanisha ekari, mwingine hekta. Juu ya mchanganyiko huo tunamlaumu mkulima kwamba mavuno yake kwa ekari ni duni. Kabla ya kumlaumu yeye, tuseme ni ekari ipi.

Sasa mkorosho. Nafasi inayopendekezwa kitaalamu ni mita 12 kwa 12, ambayo inaingiza mikorosho 69 kwa hekta, au 28 kwa ekari. Mkulima mwenye miti 140 iliyopandwa hivyo ana ekari tano kamili. Lakini mashamba mengi ya Nachingwea na Ruangwa hayakupandwa kwa kamba. Mikorosho mingine ilipandwa kwa kubanana na wazazi waliopanda kila mbegu iliyoota, na mingine ipo mmoja mmoja kati ya mihogo, mbaazi na kunde. Katika shamba la kwanza miti 140 inaweza kuwa ndani ya ekari mbili na nusu, matawi yakigombania jua na kutoa kidogo. Katika la pili imetawanyika ekari kumi, na kila mti unazaa sawasawa kwa kuwa una nafasi. Ukiuliza ekari unapata majibu mawili yasiyofanana kwa idadi ileile ya miti. Ukiuliza miti, umri wake, imepogolewa lini na imepuliziwa salfa mara ngapi, unapata picha ya mavuno. Mkorosho uliopuliziwa kwa wakati na ule uliotelekezwa ukaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga huwezi kuiweka kwenye kapu moja, hata kama vivuli vyake vinagusana.

Ndiyo sababu mzee anajibu kwa miti. Si ujinga. Miti ndiyo inayorithiwa, ndiyo inayowekwa rehani mwaka wa shida, ndiyo inayogawanywa ndugu wakiachana. Ardhi chini yake inaweza kuwa na mazao ya mtu mwingine msimu huohuo. Zanzibar wanalijua hili vizuri, kwa sababu utajiri wa shamba la karafuu ulihesabiwa kwa mikarafuu tangu enzi za masultani. Serikali ya Karume, iliyoingia kwa mapinduzi, ilipoanza kugawa ardhi kwa eka tatu tatu mwaka 1965, jina la eka tatu likawa sifa ya mapinduzi, na kwa haki. Lakini eka tatu zenye mikarafuu inayozaa na eka tatu za uwanda hazikuwa zawadi moja, ingawa kipimo kiliziita kitu kimoja. Uganda mambo yalikwenda mbali zaidi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka na machifu wake ardhi kwa maili za mraba kabla ya mtu kuipima, na kipimo cha Kiingereza kikageuka kuwa jina la aina ya umiliki, mailo, ambao Waganda wanauzozania mahakamani hadi leo. Kipimo cha mgeni kikishaingia kwenye hati, kinaanza kuamua mambo ambayo hakikuumbwa kuyaamua.

Katika msimu wa 2018 huku Kusini tuliona kipimo kikiamua. Wakulima walikataa bei za mnada mwezi Oktoba. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Ili kuwanasa wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo halali, mara nyingi kabla ya msimu wakati mkulima hana cha kula, malipo yaliambatanishwa na uhakiki: uonyeshe shamba linalofanana na mzigo wako. Lengo sina ugomvi nalo. Kangomba ni unyonyaji, na nasema hivyo wazi. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba shamba na mzigo vinaweza kulinganishwa kwa kutazama ukubwa. Mkulima aliyepulizia salfa kwa wakati, akafagia chini ya miti na kuokota kila asubuhi, anaweza kutoa katika eneo dogo mzigo unaomfanya aonekane mwongo. Mzembe mwenye eneo kubwa anaweza kumpitishia kangomba magunia yake na kuonekana mkweli kabisa. Ekari zinamlinda asiyefanya kazi na kumtilia shaka anayefanya.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami siwezi kuipita kimya. Ruangwa ina madini ya kinywe huko Matambarale na Chilalo. Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Wawekezaji wanakuja na ramani, na kijiji kisichojua mipaka yake kinaweza kupoteza ardhi bila kujua ni kiasi gani kimekwenda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati inataka vipimo. Bila vipimo, wanasema, mkulima ni mawindo.

Ni kweli, na ndiyo maana sitaki ekari ifutwe. Nataka ipimwe ipasavyo na ipewe kazi inayoiweza. Mpaka wa shamba na upimwe kwa vifaa, mbele ya mwenye shamba na majirani zake, na namba iandikwe kwa mita za mraba au hekta, si kwa "labda tano" iliyotoka kinywani mwa mtu aliyebanwa na fomu. Lakini hata kwenye fidia angalieni kinachotokea: mthamini makini haishii kwenye eneo, anahesabu mikorosho mmoja mmoja na umri wake, kwa sababu anajua thamani iko hapo. Basi kama wakati wa kumhamisha mkulima tunaikubali hesabu yake ya miti, kwa nini wakati wa kumgawia pembejeo, kumkopesha na kumhakiki tunaiita makisio?

Tena wanaosema benki haiwezi kuelewa miti wanaidharau benki. Mkopeshaji anataka kujua kitu kimoja, kama mavuno yatalipa deni. Mikorosho 140, themanini ikiwa na umri wa kuzaa vizuri, arobaini michanga, ishirini ya kung'oa na kupanda upya, pamoja na risiti za chama cha msingi za misimu mitatu chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ni taarifa nzito kuliko ekari tano zisizojulikana zilipimwaje. Risiti hizo zipo. Zimekaa katika AMCOS, yaani vyama hivyo vya msingi, na katika RUNALI, chama kikuu kilichojipa jina kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Kusini msimu wa 2007/08, kila gunia lililopita ghalani limeacha maandishi. Mkulima huyu tunayeambiwa hana hesabu anazo hesabu za miaka, isipokuwa hakuna anayezisoma sambamba na miti yake.

Kinachonikera zaidi ni lugha inayofuata baada ya ekari. Ukishamhesabia mtu kilo kwa ekari ukaona ni chache, hatua ya pili ni kumwita mvivu. Watu wa Kusini wameitwa hivyo kwa muda mrefu, na sasa jina hilo linavaa nguo ya takwimu. Wanaolitoa hawajawahi kupuliza salfa alfajiri wakati umande bado uko kwenye majani, wakiwa na kitambaa tu puani. Hawajainama tangu asubuhi hadi adhuhuri kuokota korosho moja moja na kuzitenga na mabibo. Kama kweli wanataka kumpima mtu huyu kwa ekari, basi waitumie ekari ya kale, ile iliyouliza amefanya kazi kiasi gani leo, na wakiri kwamba kwa kipimo hicho wengi wa wanaomdharau hawafikii robo yake.

Naiomba Bodi ya Korosho, halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, na viongozi wa RUNALI: fomu ya usajili itakapochapishwa tena, safu ya kwanza iwe ya idadi ya mikorosho kwa umri wake, ya pili iwe ya mazao mengine yaliyomo, na ya ukubwa ije ya tatu, ikiandikwa kwa mita za mraba zilizopimwa. Pembeni yake ichapwe kwa Kiswahili chepesi kwamba ekari moja ni mita za mraba 4,047, na kwamba hatua 70 si mita 70. Na mkulima akijibu kwa miti, afisa aandike miti.